Waliougua Kichwa Kama Mie

Harufu ndiyo iliyoanza kuniacha. Naliweka hili mwanzo kabisa, kwa sababu watu wakisikia kuwa mtu aliota uvimbe ndani ya kichwa hudhani alianza kwa kuumwa kichwa. Mie mwaka mzima wa kwanza kichwa hakikuniuma. Kama una mtu wako ambaye siku hizi kila chakula anasema hakina ladha, au mama ambaye maziwa yanachacha mbele yake na hana habari, soma mpaka mwisho. Kwa ajili yake ndiyo nimekaa kuandika.

Wakati ule wa Mwingereza nilikuwa nakaa Temeke, nyumba ya makuti yenye ua mpana, pamoja na mume wangu Selemani, aliyekuwa mnyapara wa makuli bandarini. Tulikuwa na mtoto mmoja tu, Riziki, msichana mkubwa aliyekwisha kuposwa na kijana seremala wa Kinondoni. Kazi yangu ilikuwa kupika udi na kufunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, vya maharusi. Watu walikuja kutoka Keko, Kurasini, mpaka Ilala, kuagiza udi wa Mwanahawa, ndilo jina langu. Udi unapikwa na sukari, na sukari ina wakati wake; ikipitiliza kidogo tu inaungua, na udi wote unanuka moshi wa jikoni. Anayeijua kazi hatazami sufuria. Ananusa.

Siku moja, masika yakielekea kuisha, jirani aliniita kutoka upande wa pili wa ua. "Mama Riziki, kwako kunaungua nini?"

Nilikuwa nimekaa palepale, uso juu ya sufuria, nasubiri sukari iive. Nilipotazama vizuri ilikuwa imekuwa nyeusi ti.

Nikasema nina mafua. Mafua hayakuwepo. Jioni nilijifungia chumbani nikafungua chupa ya miski, nikafungua ya hal-udi, nikapasua kitunguu na kukipeleka puani. Machozi yalinitoka, lakini harufu hapana. Ilikuwa kama kusimama mbele ya nyumba ya ndugu yako, unapiga hodi, na hakuna anayeitika.

Sikumwambia mume wangu. Nilimwita Riziki awe ananusa badala yangu, nikamwambia namfundisha kazi. Tukaenda hivyo miezi mingi, na yeye alijifunza kweli.

Kisha jicho la kulia likaingia ukungu. Nalo sikulisema. Nilikuwa nageuza kichwa kidogo nikiongea na watu, nao wakadhani nimeanza maringo. Na kuna kitu cha tatu, kigumu kukieleza kuliko vyote. Nilianza kukaa. Sina neno lingine. Nilikuwa nakaa kwenye kibao changu uani tangu asubuhi, jiko liko mbele yangu, kuni ziko hapo, na siwashi. Sikuwa na huzuni. Sikuwa na kitu chochote. Selemani alirudi kutoka kazini akakuta hakuna chakula.

"Una nini, mke wangu?"

"Sina kitu."

"Umeudhika na mie?"

"Sijaudhika."

Na kweli sikuwa nimeudhika. Baadaye sana daktari aliniambia kuwa ukimya ule nao ulikuwa ugonjwa, kwamba uvimbe ulikuwa unakandamiza mahali ambapo mtu anapatia hamu ya kuinuka. Lakini Selemani hakuwa na daktari wa kumwambia hayo. Alikuwa na mke aliyemtazama kama anavyotazamwa mpita njia.

Baada ya Maulidi, wazee wa upande wa kijana walikuja kupanga harusi. Tuliwatandikia mikeka, Riziki akajificha ndani na shoga zake. Mazungumzo yalikuwa mazuri. Mama wa kijana alikuwa ananieleza jambo juu ya nguo za bibi harusi, akanyamaza katikati. Akatazama chini. Nami nikatazama. Nilikuwa nimejikojolea, mkeka umelowa, na sikuwa nimehisi lolote. Ninachokikumbuka zaidi ni kwamba sikuona haya. Niliuangalia mkeka kana kwamba ni wa mtu mwingine. Haya ilikuja baada ya kupasuliwa, miezi mingi baadaye, na ilikuja yote kwa pamoja.

Mama mkwe wangu, Bi Zena, alisema ni pepo. Sitaki mtu amlaumu. Ndiye aliyekuwa ananiogesha wakati ule, ndiye aliyekuwa ananilisha kwa mkono wake. Alimleta mganga kutoka Mbagala, nikafunikwa shuka na kufukizwa kwa majani na ubani. Moshi ulinijaa kifuani, macho yakawaka, na mie chini ya shuka ile sikunusa hata chembe. Mganga aliuliza pepo jina lake. Nilisikia kimya chake, anasubiri nijibu, nikamwonea huruma kwa sababu sikuwa na wa kumtaja.

Vuli ndipo kichwa kilipoanza. Kilikuja alfajiri, kama mtu anayesukuma mlango kutoka ndani. Nikitapika kilipungua. Halafu siku moja nilianguka bombani, kati ya wanawake na ndoo zao, nikatetemeka mwili mzima. Nilipozinduka walikuwa wamesimama mbali, wamenizunguka, na hakuna aliyenigusa. Nilijiokota mwenyewe.

Jioni hiyo Selemani alinipeleka Kinondoni kwa kaka yangu Shomari. "Akae kwako kwanza, shemeji," alisema. "Akipata nafuu nitamfuata." Riziki alibaki Temeke na bibi yake.

Kaka yangu alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. Alinitazama siku moja tu. Asubuhi iliyofuata alinipakia nyuma ya baiskeli, akanifunga kiunoni na kanga ya mkewe nisije nikadondoka, akanyosha nami mpaka hospitali ya serikali mjini.

Nieleze kidogo ile baraza ya kungojea, maana nilikaa pale siku nyingi kuliko nilivyokaa mbele ya daktari yeyote. Benchi zilikuwa ndefu, zimeng'arishwa na nguo za watu. Kila aliyekaa alikuwa na ugonjwa unaoonekana: mguu uliovimba, mtoto mwenye homa, mtu anakohoa kwenye kitambaa. Watu waliulizana, wakapeana pole, wakakuta wana ugonjwa mmoja na wakawa marafiki kabla ya adhuhuri. Mama mmoja aliniuliza, "Wewe mwenzetu unaumwa nini?"

"Sinusi," nikasema.

Akacheka kidogo, bila ubaya. "Kwa hilo tu umeacha kazi zako?" Kisha akamgeukia jirani yake mwenye safura, wakaendelea kuzungumza. Wenye safura walikuwa wengi, wenye malaria walikuwa wengi. Wa kwangu sikumwona.

Daktari aliyenipokea alikuwa kijana wa Bukoba, Kamugisha, mmoja wa madaktari Waafrika wachache tuliokuwa nao wakati huo. Alizungumza Kiswahili cha bara, taratibu, na aliniamkia ingawa hatukupishana sana umri. Aliniziba tundu moja la pua, akaninusisha kahawa, kisha sabuni, kisha mafuta ya taa. Akaenda tundu la pili. Halafu akanitazama jichoni kwa taa ndogo, karibu sana, muda mrefu, mpaka nikawa nasikia pumzi yake.

"Harufu ilikuacha lini?" aliuliza.

Ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa. Shomari alinigeukia. Hata yeye hakujua. Nikaanza kulia, na sikuwa nimelia tangu yote haya yaanze.

Nilipigwa picha ya kichwa kwenye chumba chenye giza. Daktari akaitazama picha hiyo na wenzake, kisha akaniita na kaka yangu. Alisema kuna uvimbe umeota kati ya mfupa na ubongo, mbele, juu ya pua. Alisema ni wa aina inayokua polepole na inaweza kutolewa, ila hapa nchini hakuna wa kuutoa. Yuko mmoja Nairobi.

"Na usipotolewa?" Shomari akauliza.

"Atapofuka macho yote mawili. Halafu atalala, na hataamka."

Mie nikauliza lililokuwa moyoni mwangu tangu kwenye benchi. "Daktari, wenzangu wako wapi? Wenye ugonjwa huu."

"Wachache sana tumewaona."

"Nchi nzima?"

"Nchi nzima, mama. Lakini nitakwambia ninavyofikiri. Sisi tulifundishwa kwamba Mwafrika hapati uvimbe wa ubongo, au anapata mara moja moja sana. Mimi siamini. Hospitali inamhesabu anayefika hospitali. Anayekufa kijijini kwao Kilwa, au Tabora, au hapo Gongo la Mboto tu, nani anamhesabu? Watu wanasema kafa kwa pepo, kafa kwa kichaa, kafa kwa kifafa. Anazikwa na jina hilo."

Nilitoka pale na maneno mawili yamenikaa. La kwanza, kwamba nina kitu kinachoweza kutolewa. La pili, kwamba kama wenzangu wako, wako chini ya udongo.

Tulikwenda Mombasa kwa meli, Shomari na mie, na kutoka Mombasa tukapanda gari la moshi. Nairobi wakati ule ilikuwa na shida zake, watu wakipigana na Mwingereza, askari kila mahali, na mgeni bila kibali hakuruhusiwa kukaa mjini. Walimruhusu kaka yangu anifikishe hospitali, kisha wakamwambia arudi Mombasa angoje huko. Alisimama mlangoni mwa wodi na kofia yake mkononi.

"Dada, mie sijui niseme nini."

"Usiseme. Nenda, usije ukakamatwa."

Akaenda. Nilimtazama kwa jicho moja mpaka akapinda kona. Sijawahi kuwa peke yangu kama siku zile. Baridi ilikuwa ya kuuma mifupa, na mie nilikuwa na kanga zangu za pwani. Walionizunguka walisema Kikuyu na Kikamba. Nikiomba maji nilionyesha mdomo. Wakati wa sala sikujua kibla kiko upande gani, nikamuuliza mfagiaji, naye hakujua. Nikasali nikitazama dirisha.

Walinichoma sindano shingoni, wakatia dawa iliyonipanda kichwani kama maji ya moto, wakapiga picha nyingine. Halafu akaja muuguzi na wembe. Nywele zangu zilikuwa ndefu, nilizisuka mwenyewe tangu usichana. Zilidondoka mapajani, nikazikusanya, sikujua niziweke wapi. Nikazishika tu.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mama wa Kikuyu, Mama Njoki, mwenye jeraha la mgongo. Kiswahili chake kilikuwa maneno ya sokoni. Alinitazama nimeshika nywele zile, akanyosha mkono, akazipokea, akazifunga kwenye kitambaa chake na kuziweka chini ya mto wake. "Mimi chunga," alisema. Usiku ule, na mikono yangu ikiwa barafu, aliniingiza vidole kwenye blanketi lake, kitanda kwa kitanda, tukalala hivyo. Hatukuwa na maneno ya kuambiana, na nadhani ndiyo maana nilipata usingizi.

Kupasuliwa kwenyewe sina la kusimulia. Niliamka nimefungwa kitambaa kama kilemba, macho yamevimba hayafunguki, koo limekauka. Nikasikia sauti ya mzee wa Kizungu aliyenipasua. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha watumishi, hakujua kingine. "Mama," alisema, "mbaya kwisha toka yote." Akachukua mkono wangu, akaukunja ngumi, akaukunja tena mdogo zaidi, kunionyesha ukubwa. Kama limau.

Kitu cha kwanza kilichorudi hakikuwa jicho. Kilikuwa kuchoka. Niliona nimechoka, nikaona nimekasirika kwa sababu uji ulikuwa wa baridi, nikamlilia binti yangu. Mambo haya yote yalinijia kwa zamu, kama watu wanaorudi nyumbani mmoja mmoja kutoka safari. Nawaambia wanaouguza: mgonjwa wenu akianza kununa na kugomba baada ya kupasuliwa, msikasirike. Huenda ndiyo anafika.

Mama Njoki aliondoka kabla yangu. Alinirudishia nywele zangu kwenye kitambaa chake, na kitambaa akaniachia.

Nilirudi Dar es Salaam wakati wa kipupwe. Selemani alikuja bandarini kutupokea. Nilikuwa nimejifunga mtandio vizuri, lakini upepo wa pale uliufungua, akaona. Kichwa kitupu, kovu limezunguka kutoka sikio hadi sikio, na hapa juu ya kipaji pamebonyea. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kabisa.

"Pole na safari, bibie," alisema.

Miaka yote ya ndoa aliniita mke wangu, au mama Riziki. Bibie ni neno unalomwita mgeni. Shomari akasikia, akabeba mzigo wangu, na bila mtu kusema tukageukia njia ya Kinondoni.

Selemani alikuwa anakuja kila Ijumaa baada ya sala. Alikaa ukingoni mwa baraza na kuuliza hali. Nilitaka akae karibu. Ijumaa moja alisema lile alilokuwa nalo.

"Mwanahawa, mie naogopa. Kila nikifumba macho nakuona uko wazi kichwa. Nimejaribu. Nimemwuliza na shehe. Siwezi kulala na mtu aliyefunguliwa kichwa."

"Nimefungwa tena, Selemani. Tazama."

"Najua. Naona."

Akanipa talaka moja, kwa upole, kama alivyokuwa mpole katika kila kitu. Upole wake ndio ulioniuma. Angenigombeza ningepata pa kushika.

Na watu wa yule seremala wakataka kujua kama ugonjwa huu ni wa ukoo. Lilikuwa swali la haki, nami nililibeba mpaka kwa Daktari Kamugisha. Akasema hapana, si wa damu, wala hauambukizi. Hakuna anayejua unampata mtu kwa nini. Shomari alikwenda kuwaambia. Walimsikiliza, wakamshukuru, wakampa chai. Baada ya hapo hawakuleta neno tena.

Riziki akahamia kwetu Kinondoni. Alikuwa amejua kupika udi kunizidi, na wateja wakaanza kumwita yeye. Miezi mizima hakunilaumu kwa lolote, na hakunizungumzisha sana. Asubuhi moja nilimkuta amekaa kitandani, mto ameubana usoni, anavuta pumzi.

"Unafanya nini, mwanangu?"

Akaushusha mto. "Nanusa."

"Unanusa nini?"

"Chochote. Kila nikiamka nanusa kwanza. Nikisikia harufu ndiyo nainuka."

Nilikaa ubavuni mwake. Nilitaka kumwambia aliyosema daktari, lakini alishayajua, Shomari alimwambia, na mie nilimwambia. Basi nilikaa tu. Akanisogezea mto. Nikaunusa na mie, sikupata kitu, na tukacheka wawili, kicheko kibaya cha watu waliochoka. Tangu siku hiyo alianza kuniambia mambo yake. Baadaye alipata mume Mbagala, mwanamume aliyekwenda mwenyewe hospitali kumuuliza daktari kabla ya kuleta posa, na aliporudi alisema, "Nimekwisha kuelewa." Wana watoto sasa.

Nilikuwa narudi kwa Daktari Kamugisha kila msimu ukigeuka, anitazame jicho lililobaki. Kwenye benchi niliendelea kukaa bila mwenzangu. Halafu, kaskazi imeanza, aliniomba jambo. Alikuwa amempata mkwezi wa minazi wa Mtoni, Kibwana, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa unacheza peke yake kisha unalegea. Daktari alidhani ni uvimbe, upande mwingine wa kichwa. Nairobi walikuwa tayari kumpokea. Kibwana hakutaka.

"Sikutumi umshurutishe, mama," daktari alisema. "Nataka tu amwone mtu aliyekwenda na kurudi."

Nilikwenda na Riziki. Tulimkuta Kibwana amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, mkono wa kulia ameulaza mapajani kama mtoto. Kamba yake ya kukwea ilikuwa imetundikwa ukutani. Nilimwamkia, alikuwa mkubwa kwangu, nikavua mtandio, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mbele ya mwanamume asiye ndugu.

Alitazama sana. "Walikutoa nini?"

"Uvimbe. Kama limau."

"Ukapona?"

"Nimepona. Jicho moja halioni, na pua hainusi."

"Mume?"

"Aliniacha."

"Umenambia kweli," alisema. "Wengine wangenificha."

"Basi utakwenda?"

"Nikifia Nairobi, nani atanijua kule?"

"Na mie niliwaza hivyohivyo, kaka."

"Wewe hukufa." Alisema bila ubishi. "Wewe umekuja kunambia kwa kuwa hukufa. Waliokufa hawakuja. Mie nataka nikiondoka, niondoke mahali watu wanaponiita jina langu."

Nilivaa mtandio wangu. Tukakaa naye mpaka mkewe alipoleta madafu, tukanywa, tukaongea habari za nazi.

Alikufa kabla ya masika. Nilikwenda matangani. Chumba cha wanawake kilijaa, wengine wametoka mbali, Gongo la Mboto, hata Mbweni. Nilikaa pembeni. Walikuwa wanasema Kibwana alikata mnazi wenye mwenyewe, na jini wa mnazi ule ndiye aliyemshika mkono wa kulia, mkono wa panga. Walisema taratibu, kwa heshima, kama watu wanaokubaliana.

Nikasema, "Alikuwa na uvimbe kichwani."

Wakageuka wote. Mke wa marehemu naye aliinua uso.

"Alikuwa na uvimbe, kama niliokuwa nao mie. Daktari alimwambia. Mkono ulikuwa unachezeshwa na kichwa." Nikashusha mtandio ili waone.

Halafu mwanamke wa Gongo la Mboto, mnene, aliyekuwa akichambua mchele, akaacha ungo. "Dada yangu alikuwa anatapika alfajiri," alisema. "Tukasema ana mimba. Hakuwa na mimba. Alikuwa anashika kichwa hivi."

"Macho yake?" nikauliza.

"Yalizima. Moja, kisha jingine."

Mwingine akasema mjomba wake, fundi wa kuezeka, alianza kusahau maneno, anasema nyundo akitaka maji, mpaka akanyamaza kabisa. Mwingine akamtaja mtoto wa jirani yake aliyekuwa anatembea kama mlevi. Walianza kusema wote, kila mmoja na mtu wake, na majina ya marehemu yalijaa chumba kile. Niliwaambia si kila kichwa ni uvimbe, kwamba mie si daktari, kwamba wengine huenda walikuwa na jambo lingine kabisa. Walinielewa. Waliendelea kutaja.

Ubavuni mwangu alikuwepo bibi mzee sana, ambaye hakuwa amesema lolote. Alinivuta kanga.

"Mie mume wangu tulimfunga," alisema, kwa sauti ambayo niliisikia mie tu. "Alikuwa anapiga kichwa ukutani. Tukamfunga kamba kwenye nguzo, masika yote. Tukasema kichaa. Alikuwa akiniambia, kichwa, kichwa. Mie nikadhani ni kichaa kinachosema."

Nikamshika mkono.

"Angepona?"

"Sijui, bibi. Enzi hizo hakukuwa na wa kumpasua."

"Lakini alikuwa mgonjwa?"

"Huenda alikuwa mgonjwa."

Akalifikiria hilo. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Kisha akajifunika kanga usoni na kuanza kulia, kwa nguvu, mwili mzima, kilio cha mtu aliyepata habari ya msiba asubuhi ileile. Nikamkumbatia. Wanawake wa upande wa pili wa chumba wakatikisa vichwa kwa huruma, wakidhani anamlilia Kibwana.